Mahali Imepatikana

Ujumbe wa Nyemo uliingia kwenye simu yangu nikiwa namimina chai. "Yona ametutoka alfajiri. Njoo Bahi. Wasifu utaandika wewe." Nilikaa chini, chai ikapoa mbele yangu. Nililia kwanza, maana Yona alikuwa mume wa rafiki yangu Nyemo kwa miaka mingi, mtu mcheshi, mwenye mashine ya kukoboa mpunga ambayo kelele zake zilikuwa saa ya mtaa mzima. Lakini machozi yalipokauka nilikuta chini yake kuna kitu kingine, na kitu hicho nakijua kama ninavyojua sauti ya mlango wangu. Ilikuwa aibu. Wasifu wa marehemu hauwezi kuruka ndoa yake. Lazima useme alioa nani na alioaje, na mtu aliyeivuruga posa ya Yona ndiye huyo huyo aliyekuwa ameombwa kuiandika.

Nimefanya kazi ya maneno maisha yangu yote. Kabla sijastaafu, kila walipoajiri vijana wapya waliniita kule Mtumba, kwenye ofisi za serikali, niwafundishe mawasiliano. Waliniwekea maji ya chupa, maikrofoni na ukuta wa kumulikia picha, na ukutani yakatokea mambo yale yale: kusema, kuandika, na lugha ya mwili. Vijana waliandika kila kitu hata nilipokohoa. Sikuwaambia kwamba hayo yote niliyasomea katika chumba kimoja cha Makole, hapa Dodoma, nikayafaulu kwa sifa, kisha nikaenda kuyafeli yote kwa pamoja katika juma moja, na kwamba aliyelipia kufeli kwangu hakuwa mimi. Wangeliandika na hilo pia, na kulipigia mstari.

Chumba chenyewe kilikuwa cha mbele cha nyumba ya Mama Hilda. Alikuwa amekitoboa mlango wa barabarani na kukipaka rangi ya kijani hadi usawa wa kiuno. Ilikuwa miaka ile ya mageuzi, soko limefunguliwa, na kila mwenye chumba cha mbele alikuwa akikigeuza kuwa kitu: huyu duka la mitumba, yule saluni, mwingine anauza kaseti na kuzipiga kwa sauti hadi mlango wa pili. Mama Hilda, aliyekuwa mhazili wa serikali hadi walipompunguza, aliweka taipureta mbili, mashine ya fotokopi iliyougua mara kwa mara, na simu. Simu ilikaa juu ya kitambaa cha kufuma kwa mkono, na nusu ya mtaa, pamoja na watu wa mitaa ya mbali, walikuwa wakiigawa namba ile kama ya kwao. Mtu alipiga kutoka Singida, Morogoro au Bahi, akaacha ujumbe, mimi nikauandika, na mwenyewe akapita kuuchukua. Nyuma ya pazia kulikuwa na jiko la mkaa, na ilipokaribia mchana harufu ya nazi ilikuja mpaka kwenye karatasi. Nazi zake zilikuja kwa basi kutoka Tanga, kwao, na Kiswahili chake nacho kilikuwa cha huko, kizuri kiasi kwamba wateja wengine walirefusha maswali ili tu aendelee kuwajibu.

Siku niliyokwenda kuomba kazi nilipiga goti mlangoni, nikainamisha macho, nikasema nimekuja kwa ajili ya kazi ya kuandika balua. Mama Hilda alishusha miwani yake yenye mnyororo. "Ya kuandika nini?"

"Balua, mama."

"Sema barua."

"Balua."

Kulikuwa na wateja wawili kwenye benchi, wakacheka. Mmoja akasema, "Mgogo huyo, mama. Utamfundisha mpaka uchoke." Mama Hilda akamjibu bila kumgeukia, "Nitachoka mimi, wewe unachohema ni nini?" Akaniajiri, nadhani, ili kumkomoa yule mtu. Lakini mimi kile kicheko nilikwenda nacho nyumbani, nikalala nacho, na mwaka mzima nilifanya kazi kwa nguvu zake. Katika Kigogo chetu sauti ya r haipo. Ulimi wetu ukiikuta njiani unaigeuza l na kuendelea na safari, na sisi kwa sisi hakuna anayepotea. Sikuwahi kujua kwamba nina kasoro mdomoni mpaka niliposikia lile benchi likicheka.

Alinifundisha kila asubuhi kabla ya kufungua. Alinisomesha gazeti kwa sauti huku amelaza rula mezani, na kila l iliyokaa pahala pa r ilipigiwa rula, si mimi, meza. Kisha maneno mawili mawili: kura na kula, mbari na mbali, mahari na mahali. Nilikuwa nikiyasema njiani kama mtu anayeongea na majini. Kwa upande wa kuandika alikuwa na neno lake. Alisema mteja anakuja na maneno kama mtoto aliyeamka sasa hivi, na kazi yetu ni kumnawisha. "Ujumbe ukitoka hapa uwe umenawa uso, Sechelela. Makosa ya mteja usiyaandike. Yasafishe, kisha msomee akubali." Na kwa upande wa mwili ndiyo ikawa vita. Hakutaka goti, hakutaka mkono mdomoni, hakutaka macho chini. "Mtazame mteja machoni. Ukimtazama miguu atadhani unakadiria viatu. Nyoosha mgongo, msalimie, halafu umuulize: nikusaidie nini?" Kwetu, binti anayemtazama mzee machoni anakuwa amekwisha kumtukana kabla hajafungua mdomo. Nilichukua miezi kuzoea. Nilipozoea, nilipenda. Nilipenda jinsi watu wazima walivyotangulia wao kushusha macho.

Nilikuwa nikiishi Nkuhungu, kwa kina Nyemo, ambao walinichukua kama mtoto wao. Baba yake Nyemo alikuwa fundi wa reli, mtu aliyezunguka nchi na kurudi na Kiswahili kilichonyooka na taa ya kandili aliyokataa kuitupa hata umeme ulipofika jirani. Jioni tulikula uani, ugali wa uwele na mlenda uliotiwa karanga, baba juu ya kigoda, mama, Nyemo na mimi kwenye mkeka. Kwa Mama Hilda mchana nilikula wali wa nazi, nikawa nakuja na kudonoa ule mlenda kama mgonjwa. Nikaanza pia kuwasahihisha watu wakiwa na matonge mkononi. Mama alikuwa akisimulia habari za sokoni, nikamwambia, "Mama, si habali, ni habari." Akanitazama, akameza, akasema, "Haya, mzungu wa Makole, tupitishie chumvi." Wote wakacheka na mimi nikacheka. Leo ninapoikumbuka ile meza isiyo na meza, ndipo uso unaponiwaka. Mwanamke yule alinipa kitanda na chakula, nami nikamnyang'anya neno lake mbele ya mumewe.

Yona alikuwa amekwisha kupeleka posa. Kwao ni Bahi, kwenye majaruba ya mpunga, na baba yake, Mzee Chisumo, alikuwa mtu wa ng'ombe wa siku zote. Mambo mawili yalikuwa yakisubiriwa. Siku moja mimi na Nyemo tulikuwa tunachambua mchele nyuma ya ukuta, baba na ndugu yake wanaongea upande wa pili, na tukamsikia baba akisema, "Kijana sina neno naye. Ila nimewaambia, kwanza mahali pa kumweka mtoto wangu, ndipo mahari." Mahali maana yake ilikuwa kiwanja karibu na stesheni ya Bahi, ambacho Yona alikuwa akikifuatilia kijijini ili aweke mashine na chumba cha kuishi nyuma yake. Mahari ndiyo ng'ombe, ambao mzee wake alikuwa akiwakusanya kwa ndugu, mmoja hapa, mmoja kule, kwa sababu mvua zilikuwa zimewaangusha mwaka uliotangulia. Ndugu yake baba akasema, "Kwa Mzee Chisumo hayo mawili ni neno moja tu, kaka." Wakacheka mpaka wakakohoa. Nyemo akanifinya. Nilisikia kwa masikio yangu mawili, na nilicheka kuliko wote.

Simu ya Yona ilikuja katikati ya juma, siku ya upepo, laini inaunguruma kama kuna mtu anakaanga kitu ndani yake. Alikuwa akitumia simu ya misheni.

"Seche? Ni Yona hapa. Mwambie mzee, mahali imepatikana."

Nikatabasamu. Namkumbuka yule binti akitabasamu, mgongo umenyooka, kalamu mkononi. Mahali imepatikana. Hata mtoto wa darasa la pili anajua kwamba mahali huwa panapatikana. Nikamrudishia kama nilivyofundishwa. "Unasema mahali pamepatikana?"

"Ndiyo, mahali. Imepatikana yote."

"Pote?"

"Yote, Seche. Mzee amefurahi sana. Sasa Jumamosi mwangalie..." Na laini ikakatika. Nilingoja, haikurudi. Nikaandika kwa mwandiko wangu bora, nikiwa nimekwisha kumsafisha Yona kila alipochafuka: Mahali pamepatikana pote. Jumamosi mkapaangalie. Mama Hilda alisoma juu ya bega langu. Akanigusa mgongo. "Hapo sasa," akasema. Sikuwahi kusifiwa vizuri kama siku ile.

Ninachotaka msomaji akione ni hiki. Mama Hilda asingeweza kujua. Mtu wa benchi asingeweza kujua. Dodoma nzima, aliyekaa kwenye simu ile alikuwa mtoto wa Kigogo, aliyelelewa na watu wanaosema mahali wakimaanisha ng'ombe, na ambaye mwenyewe, kabla ya rula, angelisema hivyo hivyo. Nilikuwa na sikio la kumsikia Yona, nami nikatumia la kukopa. Hata kumsomea hakukusaidia kitu, kwa sababu nilipomsomea mahali, yeye alisikia neno lake mwenyewe na kulikubali kwa moyo mweupe. Na ile Jumamosi mwangalie ilikuwa Kiswahili cha kwetu cha kusema mtutazamie, tuko njiani.

Baba alifurahi. Aliusoma ule ujumbe kwa sauti jioni ile, akarudia pote, akasema kumbe kijiji kimewapa kiwanja kizima. Mama ndiye aliyesita. "Kwenda kwa wakwe kabla wao hawajaja? Watasema tumefuata ng'ombe."

"Wametuita wenyewe, mama Nyemo. Imeandikwa."

Na kwa kuwa imeandikwa, Jumamosi alfajiri walivaa nguo za kanisani, mama akabeba kuku chini ya kwapa, wakapanda treni kwenda Bahi. Laiti wangelipita barabarani. Wangelikutana na Mzee Chisumo njiani, akija kwa miguu na ng'ombe wake tangu Alhamisi.

Nyemo alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Mimi nilikuwa nafua uani niliposikia kengele za ng'ombe na watoto wa jirani wakikimbia. Nikafungua lango. Alikuwa amesimama pale na shuka jipya begani, mikunjo ya dukani bado inaonekana, fimbo mkononi, vumbi hadi magotini. Pembeni yake mdogo wake, Baba Lazaro, wakati ule bado kijana, na nyuma yao ng'ombe wamejaa njia nzima. Majirani walikuwa wametoka. Nilipowaona wale ng'ombe nilielewa yote, kwa mara moja, kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Mbukwa," akanisalimia. Ndiyo salamu yetu. Kilichotakiwa kilikuwa kidogo. Ningepiga goti, niseme mbukwa, nitoe kigoda, nilete maji, na nimwambie kwa Kigogo kwamba pametokea kosa na kosa ni langu. Angekaa. Angesubiri treni ya kurudi. Lakini kichwa changu kilikuwa kimekauka, na mtu akikaukiwa hutoka na kile alichokikariri. Nikanyoosha mgongo. Nikamtazama machoni.

"Shikamoo, mzee. Karibu. Nikusaidie nini?"

Nimekwisha kuliandika. Kwa mtu wa Makole lile ni swali la adabu. Lakini mtu wa kwetu aliyeonekana mjini miaka ile na shuka na fimbo, stendi au dukani, aliulizwa swali lile kwa maana moja tu, kwamba amekuja kuomba. Mjini walitufahamu hivyo na walitutania hivyo. Na mzee huyu alikuwa ametembea siku nzima na nyingine na nyingine, akileta mali ya ukoo wake mzima, akaambiwa na binti mwenye macho makavu: nikusaidie nini.

Mzee alitazama nyuma yangu, kwenye mlango uliofungwa. Baba Lazaro ndiye aliyeuliza, kwa Kiswahili, kwa sababu mimi ndiye niliyechagua Kiswahili, "Wenyewe wako wapi?"

"Wamesafiri. Wamekwenda Bahi."

"Bahi kwa nani?"

"Kwenu," nikasema.

Mzee Chisumo akamgeukia mdogo wake na kusema kwa Kigogo, taratibu, kama vile mimi nisingesikia, "Wameshindwa kungoja. Wamefuata ng'ombe." Kisha akanigeukia mimi, na kwa Kiswahili chake cha shida akasema, "Hatutaki msaada, binti." Akawageuza wale ng'ombe. Njia ilikuwa nyembamba na ng'ombe walikuwa wamechoka, ilichukua muda mrefu, na majirani walitazama muda wote huo. Nilibaki langoni na povu la sabuni mikononi. Goti langu lilikunjika alipokwisha kukata kona.

Bahi nako yaliharibika kwa namna yake. Yona alipowaona baba na mama mkwe wakishuka kwenye treni na kuku, alikimbilia majarubani akajificha, maana kijana hakutani na mama mkwe wake hivi hivi. Nyumbani kwao walikuwapo bibi na shangazi tu. Waliwakaribisha, wakawapa maziwa, na kwa upole wa kuua wakawaambia kwamba ng'ombe wameshatoka, hawakuwa na haja ya kuhangaika. Mama alirudi analia. Baba hakufoka. Alikaa kwenye kigoda chake bado na koti la kanisani, akaniita.

"Seche, Yona alisema nini hasa? Usinipe ulichoandika. Nipe alichosema."

Nikasema, "Mahali imepatikana yote."

Alisikia hapo hapo. Alifunika uso kwa mikono yote miwili, akakaa hivyo. Alipoitoa aliniuliza bila hasira, na ndiyo maana limenikaa, "Mwanangu, wewe ni Mgogo au si Mgogo?"

Mama Hilda alipopata habari alifunga ofisi, kitu ambacho hakufanya hata kwa malaria. Alisema kosa lililotoka kwenye meza yake ni lake. Tulikwenda wote Bahi, yeye na kanga mpya mbili na sukari. Mzee Chisumo alitupokea kwenye baraza ya nyumba, akatupa maziwa. Na Mama Hilda akaomba radhi. Sijasikia tena mtu akiomba radhi vile. Alianza mbali, akaja taratibu, akajishusha, akamkweza mzee, akaeleza neno kwa neno jinsi r na l zilivyotuchezea, na sauti yake ilikuwa tamu hata ndama walinyamaza. Alipomaliza, Mzee Chisumo akasema, "Mama, unasema vizuri sana." Tukangoja. Akasema tena, "Unasema vizuri." Ndiyo hayo tu.

Ndipo Mama Hilda akanigusa, zamu yangu. Kigogo kilikuwa kimenijaa mdomoni. Nilijua maneno, nilijua namna ya kukaa chini na kupiga makofi ya taratibu unapomwomba mzee. Lakini Mama Hilda alikuwa ananitazama, na niliona aibu, mbele ya mama wa Tanga, kukaa vumbini na kusema lugha ambayo asingeielewa, baada ya kazi yote aliyonifanyia. Kwa hiyo nikasema, nikiwa nimesimama wima, "Samahani sana mzee kwa usumbufu uliojitokeza." Kama tangazo la stesheni. Mzee alinitazama kwa huruma, nadhani ilikuwa huruma. Akasema, "Haya."

Ng'ombe wakarudi kwa ndugu waliowatoa. Kiangazi kile kiliwamaliza wengi wao. Mzee Chisumo hakukataa ndoa. Alisema tu kwamba yeye hatatembea tena njia ile, watakaotaka watembee. Aliugua kifua kabla ya mavuno, akafariki, na mpaka anaingia kaburini yeye na baba yake Nyemo hawakuwa wamekaa mkeka mmoja. Yona alioa baadaye, kwa tabu, mashine kwanza, ng'ombe baadaye, na Baba Lazaro akasimama mahali pa kaka yake. Nyemo hakuwahi kunilaumu kwa neno. Harusini kwake nilikaa nyuma kabisa. Niliacha kazi kwa Mama Hilda mwaka ule ule, naye aliniandikia barua nzuri ya kunisifu, na kwa barua ile nikapata kazi serikalini, na mengine ndiyo hayo ya maikrofoni na maji ya chupa. Ndiyo sababu kila kupanda cheo kwangu kulikuwa na ladha kidogo ya wizi.

Basi nikaenda Bahi. Nyemo alikuwa amekaa sakafuni kati ya wanawake, amejifunga kanga kichwani, na aliponiona alisogeza mguu nikae. Nilimsomea nilichoandika kwa sauti ya chini: alizaliwa, alisoma, alifunga ndoa na kujaliwa watoto. Alisikiliza macho yamefungwa. "Posa yake iko wapi?"

"Nyemo, niliona nisiitie."

"Itie."

"Niseme nini?"

"Sema alivyosema. Yeye alikuwa anaisimulia kila siku pale mashineni, wewe tu ndiye hukuwahi kukaa kuisikia."

Sikujua. Miaka yote ile nilipofika Bahi nilifika na kuondoka, kila safari nina haraka ya kitu.

Kesho yake nilisimama mbele ya watu, jeneza lipo hapo, nikashika karatasi. Nilipofika kwenye posa nilisoma kwamba marehemu alipiga simu Dodoma akasema, na hapo ulimi wangu, ambao umefanya kazi ya rula tangu usichana, ukatoka na r nzima, ya Tanga, iliyonyooka: mahari imepatikana. Kutoka kwenye mkeka wa wafiwa nikamsikia Nyemo, bila kuinua kichwa. "Hakusema hivyo."

Nikarudia. "Mahali imepatikana." Nilisema kwa l ya kwetu, na kumbe bado ilikuwapo. Kicheko kilianza kwa wanawake, kidogo, cha puani, kikaenda kwa vijana wa mashineni, ambao walikuwa wakiijua hadithi yote, na wakati huo huo wanawake wengine wakaanza kulia kwa sauti. Nilisoma mpaka mwisho. Nilisoma hata lile swali la langoni, kwa sababu kama ni kusema alivyosema Yona, basi na mimi nisemwe nilivyosema.

Baada ya mazishi walipakua wali na maharage. Nilipewa sahani, nikabaki nimesimama katikati ya uwanja, mikeka yote imejaa, nani atampisha aliyefanya vile. Upande wa wazee alikuwapo Baba Lazaro. Sasa ni mzee kabisa, macho yana ukungu, fimbo imelala ubavuni. Kati ya watatu tuliosemezana langoni siku ile, tumebaki yeye na mimi. Alikuwa akinitazama kwa muda. Kisha akasema, kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika na wenzake.

"Binti. Nikusaidie nini?"

Wazee wengine waliacha kutafuna. Sikumtazama machoni. Nilipiga goti na sahani yangu mkononi, uzee na yote, nikatazama miguu yake.

"Mahali, baba," nikasema.

"Imepatikana," akasema, akasogea kwenye mkeka.